Mheshimiwa Kutu

Injini ya Peugeot 404 ina wafanyakazi wengi. Pistoni hupanda na kushuka, plagi hurusha cheche, feni huzunguka, na wote hao hupumzika mara tu dereva anapozima gari. Mmoja tu hana likizo. Gari likiachwa chini ya mwembe miaka kumi, matairi yakapasuka kwa jua na kuku wakatagia kwenye kiti cha nyuma, yeye ataendelea kuingia kazini kila siku, Jumapili na Idi, bila mshahara wala chama cha wafanyakazi. Jina lake ni Kutu, makazi yake ni njia za maji za injini, na tangu magari yaanze kupozwa kwa maji hajawahi kuambulia neno la shukrani.

Lucian wa Samosata aliandika sifa za nzi katika karne ya 2, na Erasmus akachapisha sifa za upumbavu mwaka 1511. Ikiwa nzi na upumbavu wamepata wa kuwasemea, basi na huyu anayelisha mafundi wengi wa mjini anastahili zamu yake.

Ukoo wake si wa juzi. Mwaka 1761 Jeshi la Wanamaji la Uingereza liliivika manowari HMS Alarm mabamba ya shaba tumboni, ili wadudu wa baharini wanaotoboa mbao wakome. Wadudu walikoma kweli. Lakini meli ilipokaguliwa mwaka 1763, baada ya kuhudumu West Indies, misumari ya chuma iliyogusana na shaba ilikuwa imelika vibaya. Michache tu ilisalimika, na wakaguzi walipochungulia wakakuta pale karatasi iliyofungiwa mabamba ilikuwa haijabanduliwa. Ilikaa katikati ya shaba na chuma, ikavitenganisha. Hapo Kutu alikuwa ameshatoa somo lake lote bure: anayetaka kumwalika agusanishe metali mbili tofauti, azimwagie maji ya chumvi, kisha akae pembeni. Humphry Davy alipokuja kulifafanua jambo hilo mwaka 1824, alipendekeza kipande cha metali nyonge zaidi kifungwe kwenye shaba, kiliwe kwa niaba yake. Shaba ikapona. Tatizo ni kwamba shaba isiyolika haitoi sumu, kwa hiyo magugu na magamba ya baharini yakajaa tumboni mwa meli na mwendo ukapungua. Kumbe hata pale Kutu alikuwa na kazi yake, na alipofukuzwa pengo lilionekana.

Peugeot walipoizindua 404 mwaka 1960, mwili wake ukiwa umebuniwa na Pininfarina, walimjengea Kutu jumba lenye kila aina ya chumba. Bloku ni ya chuma cha kusubu. Hedi ni ya alumini. Rejeta ni ya shaba, na mirija yake imeshikwa kwa lehemu ya risasi na bati. Laina za silinda zinasimama ndani ya maji yenyewe, hazina ukuta wa kuzikinga. Kisha vyote hivyo vikaunganishwa na mzunguko mmoja wa maji, na hapo HMS Alarm ikapata magurudumu manne. Katika jamaa hao alumini ndiyo mnyonge. Maji yakishakuwa na chumvi au asidi ya kutosha, hedi huanza kulika ili wengine wasalimike, na inapoishiwa, chuma hupokea zamu.

Kwa mavazi Kutu hana ubahili. Kwenye bloku huvaa wekundu, kwenye hedi huvaa unga mweupe, na kwenye viungo vya rejeta hujipaka mrututu wa kijani. Fundi mwenye jicho hufungua kifuniko cha rejeta injini ikiwa baridi, akachungulia shingoni, na kabla hajashika spana ameshajua ni nani analiwa.

Ushujaa wake upimwe kwa maadui aliowaangusha. Peugeot 404 lilishinda Safari Rally mara nne: mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968. Nick Nowicki wa Kenya aliliendesha kwenye ushindi wa kwanza na wa mwisho, Bert Shankland wa Tanzania kwenye ile miwili ya katikati. Mwaka 1963 ni magari 7 tu yaliyofika mwisho, na mwaka 1968 yakafika 7 tena. Mengine yote yalibaki kwenye matope, kwenye mito na kwenye mawe. Hilo ndilo gari ambalo njia za Afrika Mashariki zilishindwa kulitia adabu. Leo 404 nyingi zimelala uani, hazina hata mkwaruzo wa mashindano, na aliyezilaza ni bwana mmoja mpole ambaye hakuwahi kukanyaga mafuta.

Volkswagen aina ya Kobe ilikuwa na bahati, au tuseme mkosi, wa kupozwa kwa hewa. Ilishinda Safari mwaka 1954, 1957 na 1962 bila tone la maji kwenye injini. Kutu alipokosa mlango hapo hakununa; alihamia sakafuni, chini ya kiti cha nyuma ambako betri hukaa, na wenye magari hayo wanajua alichokifanya huko.

Lakini sifa haiwezi kuwa yake peke yake. Kutu amekuzwa, amelelewa, amenyweshwa, na walezi wake ni watu wenye nia njema kabisa.

Mlezi wa kwanza ni yule anayeamini kwamba kulanti ni dawa ya nchi za theluji. Ndani ya kulanti kuna mambo mawili: glikoli, ambayo kweli huzuia maji yasigande na pia hupandisha kiwango chake cha kuchemka, na viambato vya kuzuia kutu, ambavyo havijali kama gari liko Tanga au Toronto. Viambato hivyo huisha. Katika kulanti ya kijani ya mtindo wa zamani hudumu takriban miaka 2, na baada ya hapo glikoli yenyewe huanza kuoza na kutoa asidi. Mwenye gari hutazama chupa, huona bado maji ni ya kijani, akaridhika. Rangi haina uhusiano wowote na kinga. Ni rangi tu.

Mlezi wa pili huweka maji ya kisima. Visima vingi vya pwani vina chumvi, na chumvi huitoboa alumini vishimo vidogo vidogo vinavyozama kwenda chini badala ya kuenea. Maji magumu nayo huacha chokaa kwenye kuta za bloku, na milimita 1 ya chokaa hiyo huzuia joto sawa na chuma chenye unene wa zaidi ya sentimita 2. Mwenye gari hudhani injini yake ina bloku ile ile iliyotoka kiwandani. Hapana, imenenepa.

Wa tatu ndiye mwenye mapenzi kuliko wote: huyu hubeba dumu. Gari likichemsha kwenye mlima wa Kitonga, kabla ya Iringa, hushuka, hungoja, hujaza maji, huondoka, na akifika juu hujaza tena. Kila dumu huleta oksijeni mpya na madini mapya, yaani huleta chakula mezani hasa pale Kutu alipokuwa amemaliza kile cha jana. Maji yaliyokaa ndani ya mfumo uliofungwa vizuri hupoteza oksijeni yake na Kutu hulegea. Mwenye dumu humwamsha.

Kuna pia mwenye uangalifu, anayemwaga maji yote kabla ya kuliegesha gari kwa muda mrefu, eti lisishike kutu. Chuma kilicholowa na kuachwa kwenye hewa ndicho Kutu anachokipenda kuliko vyote. Bloku iliyojaa kulanti nzuri mpaka juu ingempa shida. Bloku iliyomwagwa humpa unyevu, hewa na nafasi ya kutembea.

Na fundi aliyetoa thamostati? Huyu ana heshima yake maalumu, maana yuko kila mtaa. Thamostati ya nta imepangwa kufunguka kwenye nyuzi 80 na kitu, ili injini ifike joto lake haraka kisha maji yaende kwenye rejeta. Inapokwama kwa kutu, injini huchemsha, na dawa inayojulikana ni kuing'oa na kuitupa. Injini haichemshi tena wiki hiyo. Kilichoikwamisha kimebaki ndani, kinaendelea, na sasa shahidi pekee aliyekuwa anapiga kelele ameondolewa. Kifuniko cha rejeta hupata hukumu kama hiyo. Springi ikilegea, presha hupotea, na kwa Nairobi, kwenye mwinuko wa karibu mita 1,700, maji yasiyo na presha huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Badala ya kununua kifuniko, watu hununua dumu kubwa zaidi.

Waingereza nao walikuwa na namna yao ya kumkirimu. Triumph Stag, iliyotengenezwa kati ya 1970 na 1977, ilikuwa na bloku ya chuma, hedi mbili za alumini, na pampu ya maji iliyokaa juu kabisa katikati ya hedi hizo, mahali ambapo maji yakipungua kidogo tu yenyewe ndiyo hukauka kwanza. Baadhi ya bloku zilitoka kiwandani zikiwa bado na mchanga wa kalibu ndani. Kutu alifika akakuta kazi imeshaanzwa.

Kumtoa bwana huyu kwenye 404 ni jambo la adabu, kwa sababu huwa ameshika kila kitu. Boliti za hedi zikishatoka, mwanafunzi wa gereji hushika hedi na kuivuta juu. Fundi mzoefu humpiga mkono. Huchomeka vyuma viwili kwenye matundu ya boliti na kuitikisa hedi kwa pembeni, polepole, mpaka gasketi iachie. Hedi ikivutwa wima inaweza kuja na laina, na laina ikishainuka hata kidogo, uchafu uliolala chini yake huteleza na kuingia kwenye kikalio. Laina ikirudi haikai tena pale pale. Maji huanza kuteremka kwenye oili, na oili ikawa na rangi ya chai ya maziwa. Kwa hiyo mara hedi inapotoka, fundi hurudisha boliti kadhaa na washa pana ili kuzibana laina zote nne zisitikisike, ndipo anapotazama alichokikuta.

Alichokikuta huwa ni tope. Limejikusanya chini, kuzunguka miguu ya laina, zito na jekundu, mahali pengine limekauka na kuwa gumu. Chuma kikiliwa, kutu inayotoka huchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma chenyewe, na mzunguko wa maji huishusha mpaka pale ambapo maji hayaendi kasi. Kuna koki ya kumwagia maji ubavuni mwa bloku. Ukiifungua, mara nyingi halitoki tone. Fundi hutafuta spoki ya baiskeli, huichomeka, huizungusha, husikia inakwaruza. Kisha ghafla tope hutoka na maji nyuma yake, na viatu vya mwanafunzi hubadilika rangi.

Boliti za nyumba ya thamostati ni mtihani mwingine. Ni za chuma, zimeingia kwenye alumini, na ule unga mweupe umejaa katikati ya meno yake ukazibana. Anayezilazimisha kwa spana ndefu hubaki na kichwa cha boliti mkononi. Anayezijua hupasha moto alumini iliyo kando, kwa kuwa alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma kwa joto lile lile. Kisha hugusisha mshumaa kwenye shingo ya boliti, nta huyeyuka na kunyonywa ndani. Robo mzunguko mbele, robo nyuma, tena na tena. Kutu hawezi kuharakishwa, na hilo peke yake ni fadhila katika gereji ambayo kila mteja anataka gari lake leo jioni.

Hedi yenyewe ikiwa imeliwa kwenye midomo ya njia za maji, pale gasketi inapokaa, huchomelewa kwa gesi ya agoni. Alumini iliyokunywa maji machafu miaka arobaini haikubali kirahisi: cheche ikigusa, hutema weusi na mapovu. Inasagwa mpaka metali safi ionekane, inapashwa moto yote, inajazwa, kisha inapelekwa kwa watu wa mashine kuskimiwa iwe bapa. Vishimo vilivyo chini ya mpira wa rejeta havihitaji gharama hiyo; gundi ya epoksi yenye unga wa chuma, ikiachwa ikauke vizuri kisha ikasuguliwa kwa msasa, inatosha. Kuna mafundi wanaoona aibu kuitumia. Hawana haja.

Kwenye usafishaji, jikoni kuna hekima ya zamani. Ukwaju na ndimu vimeng'arisha masufuria ya shaba kwa vizazi, na asidi ile ile ya ndimu, ikinunuliwa kama unga na kuchanganywa na maji ya moto, huyeyusha kutu ndani ya bloku, mradi isikae muda mrefu kwenye alumini na isuuzwe vizuri. Hatari ni yule anayesikia kwamba kitu kikali husafisha zaidi, akaenda kwa muuza malighafi za sabuni kununua kostiki soda. Kostiki huigusa kutu ya chuma kwa uvivu, lakini alumini huitafuna waziwazi, ikitoa gesi ya haidrojeni mapovu kwa mapovu. Ndani ya saa chache imeifanyia hedi kazi ambayo ingemchukua Kutu muongo mzima. Huo ni uhuni tu, na Kutu hapaswi kulaumiwa kwa matendo ya wanaomwiga.

Pampu ya maji ina tundu dogo chini ya shingo yake. Sili ikichoka, maji hutokea hapo, ili yasiende kwenye beringi na ili mwenye gari aone. Wapo wanaoliziba kwa gundi. Tundu hilo ni barua kutoka kwa Kutu kwenda kwa mwenye gari, na kuirudisha bila kuisoma ni utovu wa nidhamu.

Fundi wa rejeta ndiye mteule wake. Kuanzia Gerezani jijini Dar es Salaam hadi Kirinyaga Road Nairobi, kuna wanaume wanaosomesha watoto kwa moto na waya bapa. Hupasha lehemu ya tangi la juu ikayeyuka, hulibandua, na mirija huonekana yote kwa safu, nusu yake ikiwa imeziba. Waya hupitishwa mrija mmoja mmoja mpaka upande wa pili upenye mwanga. Tangi hurudishwa, hulehemiwa, mdomo mmoja huzibwa kwa kipande cha mpira, mwingine huunganishwa na hewa ya kompresa, na rejeta huzamishwa kwenye pipa la maji. Kisha kila mtu hunyamaza na kutazama. Pakitokea povu, fundi huweka alama ya chaki, huitoa, huichoma tena. Rejeta za kisasa zina tangi la plastiki lililobanwa kwenye alumini, na nyingi zikivuja hutupwa. Kazi hii ya moto na pipa inaishi kwa sababu magari ya zamani yapo, na magari ya zamani yanaleta rejeta kwa sababu Kutu hachoki.

Imebaki fadhila yake kubwa zaidi, ambayo huonekana siku anapoondoka. Bloku za kusubu huwa na matundu ubavuni yaliyotumika kutoa mchanga wa kalibu, na matundu hayo huzibwa kwa plagi za bati zilizogongwa kwa nyundo. Kwenye Land Rover za zamani zinaonekana vizuri. Bati hilo ni jembamba kuliko ukuta wowote wa bloku, basi Kutu hulitoboa kwanza. Akishalitoboa hujaza tundu kwa mwili wake mwenyewe na kukaa hapo miaka. Gari linatembea, maji hayapungui, hakuna anayejua.

Ndipo mwenye gari anapoamua kuliheshimu gari lake. Anataka lisafishwe mfumo wa maji, litiwe kulanti, lipelekwe kwenye maonyesho ya magari ya zamani. Fundi anasafisha, anasuuza mpaka maji yatoke meupe, anajaza, anawasha. Baada ya dakika kumi kuna dimbwi chini.

"Fundi, gari hili halikuwa linavuja kabla hujaligusa."

"Lilikuwa linavuja, mzee. Ila lilikuwa limezibwa."

"Limezibwa na nini?"

Fundi humwonyesha karai lenye tope jekundu.

"Basi lirudishe."

Fundi hulala chini ya gari, hugonga plagi iliyooza upande mmoja mpaka igeuke ubavu, huivuta kwa koleo, na kutoka na kitu chenye wembamba wa karatasi. Anaeleza kwamba zipo plagi za shaba, ambazo zitadumu kuliko gari lenyewe, na zipo za bati. Mwenye gari huuliza bei ya za shaba. Huuliza bei ya za bati. Hutazama karai tena, hupiga hesabu kimoyomoyo, na kumtuma kijana dukani akalete za bati.